Kabla ya Kura, Hesabu Mwezi

Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027 ni siku ya uchaguzi mkuu nchini Kenya. Mkazi wa Nairobi akishaijua tarehe hiyo hana la ziada. Wewe wa kisiwani, wa Kizingitini, wa Mkwiro au wa Remba, umejua nusu tu. Nusu ya pili iko juu angani.

Siku nane kabla ya kura, tarehe 2 Agosti, jua litapatwa. Kiini cha giza hilo kitapita mbali nasi, kule Misri na Yemeni, lakini wewe mtu wa maji jambo hilo linakuhusu kwa sababu nyingine: jua halipatwi ila mwezi ukiwa gizani. Anzia hapo kuhesabu. Siku ya kura mwezi utakuwa wa siku saba au nane, nusu, na baharini hayo ni maji mafu. Pwani yetu maji mafu hujaa kati ya saa nne na saa tano asubuhi na kupwa jioni, na hata yakipwa hayakauki sana. Kwa anayevuka mlango wa Mkanda kutoka Amu kwenda Pate, hiyo ni bahati. Mwaka 2017 haikuwa hivyo. Kura ilipigwa tarehe 8 Agosti na usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi mpevu ulipatwa kipande, kwa hiyo ilikuwa bamvu, maji makubwa: asubuhi, saa ambazo watu wa bara wako foleni, maji yamekimbia na chombo kimelala ubavu. Usitegemee hesabu yangu ya vidole lakini. Mamlaka ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la maji ya Kilindini kila mwaka. Litafute la 2027, uliza nahodha wa kwenu tofauti ya saa kati ya Kilindini na bandari yenu, uandike ukutani.

Hayo ya mwezi yatakusaidia siku yenyewe. Ila kwa mtu wa kisiwani, kura huamuliwa siku ya kujiandikisha, miezi kabla, na wengi wetu siku hiyo tunaipita kama tunalipa bili ya maji.

Sababu ni hii. Kenya huwezi kupiga kura kwa posta, wala huwezi kumtuma mtu akupigie. Jina lako liko kwenye kituo kimoja, na sanduku lako ni lile la kituo hicho. Ukiwa Shimoni na jina liko Kipini, basi wewe siku hiyo ni mtazamaji. Kwa hiyo karani atakapokuuliza unataka kituo gani, usijibu kwa mazoea, kwa kutaja ulikozaliwa au aliko mama. Jiulize: tarehe 10 Agosti, nitaamkia wapi?

Kwa mvuvi swali hilo lina jibu la wazi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu uvuvi una kalenda. Agosti ni kusi. Bahari ya nje imechafuka, wengi wenye mitumbwi na mashua ndogo wako ndani ya miamba au wamepandisha vyombo pwani kuvikarabati. Kama hivyo ndivyo unavyoishi kusi, jiandikishe kijijini kwako, huko ndiko utakuwa. Lakini kama wewe ni wa dago, unafuata samaki na kulala kambini miezi miwili mitatu mbali na nyumbani, kumbuka mwaka jana na mwaka juzi Agosti ulikuwa wapi. Kumbukumbu hiyo ndiyo itakayokuchagulia kituo.

Ziwani Viktoria kalenda ni kali zaidi. Kipindi cha kufunga uvuvi wa omena upande wa Kenya kimezoeleka kuwa Aprili hadi mwisho wa Julai. Maana yake ni kwamba ziwa likifunguliwa Agosti mosi, kila mwenye wavu na taa anarudi Remba, Ringiti, Mageta na Mfangano kwa njaa ya miezi minne, na siku tisa baadaye ni uchaguzi. Tena omena huvuliwa kwa taa, gizani. Tarehe 10 mwezi nusu utatua usiku wa manane, na kuanzia hapo hadi alfajiri ni giza zuri la kazi. Hakuna mvuvi atakayeacha usiku kama huo ili awahi basi la kurudi nyumbani bara. Basi wewe unayeshinda miezi ya kufungwa shambani, na karani wa usajili akakukuta huko huko, utajiandikisha huko kwa urahisi na kuikosa kura kwa urahisi ule ule. Kama Agosti kisiwa ndicho kwako, jina liwe kisiwani.

Aliyejiandikisha mahali pasipomfaa anaweza kuhamisha. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inataka ombi la kuhama lifike angalau siku 90 kabla ya uchaguzi. Kwa 2027 hiyo ni kabla ya katikati ya Mei. Usajili mpya nao hufungwa siku 60 kabla. Usingoje tarehe hizo, maana Mei ni kusi linaanza na masika haijaisha, na safari ya kwenda ofisi ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ya eneo bunge ni mafuta na siku nzima ya kazi. Nenda wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, siku ambayo ungekwenda mjini kununua nyuzi na vipuri vya mashine hata hivyo. Chukua kitambulisho, na ukiweza barua ya chifu inayosema unaishi unakosema unaishi. Uhamisho wa jina huzua shaka, hasa mahali ambapo wagombea wameshazoea kusomba wapiga kura wa kukodi, na mvuvi mwenye lafudhi ya ng'ambo ndiye wa kwanza kutiliwa shaka. Ukiwa mwanachama wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, kadi au daftari la BMU linaloonyesha jina lako ni ushahidi mzuri kwamba hukuja jana.

Baadaye tume itaita watu wahakiki taarifa zao. Nenda, au tuma mtu akuangalizie kama jina lipo na kituo ni kile ulichotaja. Kosa likijulikana Juni kuna la kufanya. Likijulikana siku ya kura hakuna.

Kuna jambo la vidole ambalo halisemwi sana. Mtambo wa tume uitwao KIEMS unakutambua kwa alama za vidole, na vidole vya mvuvi ni vidole vilivyolambwa na kamba, chumvi na magamba miaka ishirini. Vya mama karanga, mkaanga samaki, vimepitiwa na mafuta ya moto. Vya mkulima wa mwani vimevimba kwa maji. Siku ya kujiandikisha osha mikono kwa maji ya kisima na sabuni, ikauke, na usimwache karani aridhike na alama hafifu, mwombe arudie. Wiki ya kura paka mafuta ya nazi usiku, asubuhi yasibaki. Na mtambo ukikukataa, usitoke kwenye foleni ukirudi chomboni kwa hasira. Jaribu vidole vingine. Vikishindikana vyote, karani ana njia nyingine ya kukutafuta kwa nambari ya kitambulisho, fomu inayoitwa 32A inajazwa mbele ya mawakala, na unapiga kura kama wengine. Iombe fomu kwa jina lake. Mtu anayelijua jina la fomu hazungushwi.

Kitambulisho chenyewe ndicho adui wa mtu wa maji. Kikianguka baharini kimeanguka, na kupata kingine ni safari za wiki nyingi. Karatasi ya kusubiria haikuruhusu kupiga kura. Zamani tulifunga vitu kwa mfuko wa nailoni, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku 2017, kwa hiyo tumia chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko cha kukaza, ile ya siagi ya njugu inatosha. Na mwezi mzima wa Julai usiende nacho kuvua. Mwachie mke, mwachie mama.

Sasa niseme na wewe kiongozi wa BMU, nahodha mwenye boti, mwalimu mkuu wa shule ya kisiwani. Kazi ya mtu mmoja mmoja ina mwisho wake. Kisiwa kisicho na kituo, au chenye kituo upande wa pili wa mlango wa bahari, hakitapigiwa kura kwa kuhimizana msikitini na kanisani peke yake.

Sheria imeweka kikomo cha juu cha wapiga kura kwa kituo kimoja, 700, ili foleni zisiwe ndefu mijini. Shida ya kisiwa ni kinyume: watu ni wachache, na karani aliyeko ofisini anauliza kwa nini apeleke sanduku, mtambo, polisi na boti kwa ajili ya watu mia na kitu. Jibu lako liko kwenye Katiba, Ibara ya 83, kifungu cha 3: mipango ya kusajili na kuendesha uchaguzi ibuniwe kumrahisishia raia anayestahili, isimnyime. Uchache wa watu haukutajwa kuwa udhuru. Tena masanduku yamekwisha kufika mahali pagumu zaidi. Mwaka 2017 wafungwa walimpigia kura rais wakiwa gerezani. Na Kanuni za Uchaguzi za 2012 zinazungumzia upigaji kura maalumu, wakitajwa humo wafugaji. Wafugaji wanatajwa kwa sababu wanahama na malisho. Mvuvi wa dago anahama na nini? Swali hilo litieni kwenye barua yenu kama lilivyo.

Barua isiwe ya malalamiko. Iwe ya hesabu. Andikeni idadi ya watu wazima kwa mujibu wa daftari la BMU, ambalo kanuni za uvuvi za 2007 zinawataka mlitunze. Andikeni umbali hadi kituo cha sasa, saa zinazotumika kwenda na kurudi kusi likivuma, lita za petroli na bei yake ya wiki hiyo. Tajeni jengo: lina paa, lina mlango unaofungwa kwa kufuli, mtandao wa simu gani unashika pale, na chombo kikubwa kinaweza kutia nanga wapi maji yakiwa yamepwa. Hilo la mwisho msilisahau. Afisa wa bara hajui kwamba gati inayopendeza kwenye picha inakauka siku za bamvu, na ndipo mtambo unapochelewa na kituo kinafunguliwa saa tatu badala ya saa kumi na mbili. Pelekeni barua ofisi ya eneo bunge, mgongewe mhuri nakala yenu, na muipeleke mapema, 2026 si mapema mno, kwa kuwa orodha ya vituo hutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali na ikishatangazwa kuibadili ni kazi.

Ombeni pia karani wa usajili aje kwenu, na mumpangie saa. Akija saa nne asubuhi na kuondoka saa nane atawakuta watoto na wazee. Mwambieni aje mnadani, samaki wanapopimwa, wanaume wakiwa wametoka majini na akina mama wamejipanga na ndoo. Siku mbili za mnada zina faida kuliko wiki nzima ya kukaa shuleni. Na nafasi za makarani zikitangazwa, vijana wa kisiwani waombe. Karani anayelala kisiwani hachelewi kwa sababu ya upepo.

Kuhusu boti za siku ya kura. Ni siku ya kazi chache, boti za abiria hupungua, na hapo ndipo mgombea hujitokeza na boti ya bure yenye bendera yake. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inaadhibu hongo kwa anayetoa na kwa anayepokea, na boti ya bure iliyojaa nyimbo za mtu mmoja iko karibu mno na mstari huo. Changishaneni. Kila nyumba itoe kiasi chake kuanzia Mei, BMU ishike fedha, boti iwe ya wote, isiwe na rangi. Pakieni kwa kadiri, majaketi ya kujiokolea yatoshe vichwa, na anayetoka upande wenye mawimbi asubiri maji yapande badala ya kulazimisha alfajiri. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni; aliye foleni saa hiyo anaruhusiwa kupiga kura hata zamu yake ikifika usiku. Wazee, wajawazito na wenye ulemavu waende na safari ya maji kujaa, wasije wakatembezwa matopeni. Wakifika kituoni hupishwa mbele.

Kwa wenye ajira, sheria hiyo hiyo ya 2016 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi muda wa kutosha wa kwenda kupiga kura bila kumkata mshahara. Hii inamhusu mpakizi wa Kilindini, kijana wa boti za watalii Wasini, na fundi wa feri ya Likoni ambayo haiwezi kusimama hata rais akichaguliwa. Mkumbushe bwana au bibi mkubwa wiki mbili kabla, kwa maandishi, mgawane zamu.

Mabaharia wa meli za mbali ndio walioachwa kabisa, na sitakupambia maneno. Kama mkataba wako ni wa miezi tisa na Agosti inaangukia katikati, huna sanduku. Mwaka 2022 Wakenya walio nje walipiga kura ya rais katika nchi 12, lakini ni kwa aliyejiandikisha katika kituo cha nchi hiyo na akawepo hapo siku hiyo hiyo. Meli haina ahadi na ubalozi. Unachoweza kufanya ni kuanza na kalenda ya mkataba: wakala wa mabaharia akikupa tarehe za kupanda, hesabu utateremka lini, na kama kuna meli mbili uchague ile inayokurudisha Julai. Wengine wametatua hili zamani. Japani tangu 2000 inaruhusu baharia apige kura kwa faksi akiwa katikati ya bahari kuu. Ufilipino, nchi yenye mabaharia wengi kuliko karibu zote, ina sheria ya 2003 inayowapa walio nje wiki kadhaa za kupiga kura badala ya siku moja, na baharia anaingia kituo cha ubalozi pale meli yake inapotia nanga. Hilo la pili halihitaji teknolojia yoyote. Vyama vya mabaharia vya Mombasa vingekwenda nalo bungeni.

Jirani zetu wa Zanzibar wako karibu na jibu bila kulifikia. Tangu 2020 wana kura ya mapema, siku moja kabla ya siku yenyewe, lakini imewekwa kwa ajili ya wasimamizi wa uchaguzi na askari watakaokuwa kazini. Nahodha wa boti ya abiria kati ya Unguja na Pemba, ambaye naye yuko kazini kama askari, hayumo. Ukiwa Mpemba unayevua dago huku Kenya, kwako uchaguzi huwa Oktoba, kusi likiwa limelegea na kaskazi haijafika. Rudi kwanza nyumbani, kambi ije baada ya kura.

Narudi kwa siku yetu ya Agosti. Ukishapiga kura usikimbilie chombo kama huna lazima. Kura za kituo huhesabiwa pale pale, na matokeo ya rais huandikwa kwenye fomu 34A inayobandikwa mlangoni ili kila mtu aisome. Kisiwani, ambapo wakala wa chama huenda akawa mmoja na amechoka, macho ya wanakijiji kwenye karatasi hiyo ni ulinzi. Ipige picha kwa simu, saini na mhuri vionekane. Kuhesabu kutakwenda usiku. Saa za kufunga kituo maji yatakuwa yamepwa, na yatajaa tena kuelekea saa tano usiku, lakini mwezi nao utakuwa unatua na upepo wa kusi hautaki mzaha gizani. Tafuta mkeka kwa jamaa. Asubuhi ya Jumatano, maji yakiwa yamepanda, ng'oa nanga.